Mradi wa kijiji hujitangaza kwa hesabu zake

MSIMU wa korosho unapokaribia katika vijiji vya Ruangwa na Nachingwea, mtu wa kwanza kubisha hodi kwa mkulima mara nyingi si kiongozi wa chama cha msingi wala katibu wa kikundi cha wajasiriamali. Ni mnunuzi wa kangomba.

Mnunuzi huyo huja kwa pikipiki, huketi mkekani, huuliza hali ya watoto, kisha hutaja mambo matatu: bei yake, siku atakayochukua mzigo, na fedha atakazoacha mkononi siku hiyo hiyo. Bei yake ni ya chini na kipimo chake ni bakuli, si mizani. Mkulima analijua hilo vizuri. Hata hivyo huuza, kwa sababu sare za shule hazisubiri mnada, na kwa sababu huyo ndiye mtu pekee aliyefika nyumbani kwake na kumweleza jambo akalielewa.

Wakati huo huo, chama cha msingi kina ghala na mizani, na kina haki ya kisheria ya kukusanya mazao hayo. Kikundi cha akina mama kina jiko la kubangulia korosho. Jumuiya ya watumia maji ina kisima na pampu. Miradi yote hiyo ipo kwa ajili ya mwananchi yule yule. Tatizo ni kwamba mwananchi huyo hajui bei ni ipi, malipo yatatoka lini, anayetunza fedha ni nani na kilichopatikana mwaka jana kilikwenda wapi.

Viongozi wengi wa miradi ya vijijini wakiulizwa kwa nini hawajitangazi, jibu lao ni moja: hakuna fungu. Huwaza gari la matangazo, fulana zenye maandishi, turubai kubwa la rangi na mgeni rasmi kutoka mkoani. Ni kweli kwamba mambo hayo yana gharama. Lakini mnunuzi wa kangomba hana hata kimoja kati ya hivyo, na bado habari zake zinajulikana hadi kitongoji cha mwisho. Kinachomsaidia ni kuwafikia watu na kusema jambo ambalo wanataka kulijua.

Huo ndio ufunguo wa kutangaza mradi wa jamii kwa gharama nafuu. Zipo njia nyingi za kupeleka habari ambazo hazihitaji fedha. Kinachohitajika kwanza ni habari yenyewe iwe ya kweli, na iwe inahusu bei, siku na fedha.

Kelele za mradi wa karanga

Wakazi wa ukanda huu wana sababu ya kutobabaishwa na matangazo makubwa. Ruangwa ilikuwa sehemu ya Nachingwea kabla ya kuwa wilaya mwaka 1995, na Nachingwea ni moja ya maeneo matatu, pamoja na Kongwa na Urambo, yaliyochaguliwa kwa mradi mkubwa wa karanga wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1947.

Pengine hakuna mradi wa kilimo uliowahi kupigiwa debe nchini kuliko huo. Magazeti ya London yaliuandika, bunge la huko liliujadili, na maelfu ya askari waliotoka katika Vita Kuu ya Pili waliomba kuja kufanya kazi. Ilielezwa kuwa zaidi ya ekari milioni 3 zingelimwa. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea zilijengwa kwa ajili yake.

Januari 1951 serikali hiyo ilitangaza kuachana na mpango huo, baada ya zaidi ya pauni milioni 35 kupotea. Mitambo ilishindwa na ardhi, mvua hazikuwa zile zilizotarajiwa, na waliokuwa wakilima maeneo hayo kwa miaka mingi hawakuwa na nafasi katika mipango. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mradi huo ulitangazwa kwa watu walio mbali, ambao walikuwa wakitoa fedha na sifa. Walio karibu, ambao walipaswa kuulizwa, hawakufikiwa. Kosa hilo bado linarudiwa kwa kiwango kidogo vijijini. Mradi hutangazwa sana siku ambayo mfadhili anakuja au siku ambayo Mwenge wa Uhuru unapita, kwa nyimbo na kibao kipya. Siku ya pili yake mwanakijiji akiuliza mashine itafunguliwa saa ngapi na gunia litakobolewa kwa shilingi ngapi, hakuna mwenye jibu.

Somo la Mtu ni Afya

Upo mfano mwingine wa hapa hapa nchini unaoonyesha kinyume chake. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliendeshwa kwa wiki 12 kupitia Radio Tanzania, na watu wazima wapatao milioni 2 walishiriki. Kampeni hiyo haikuishia kwenye sauti ya redio. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha kila kikundi kikaamua kitafanya nini kijijini kwake: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka karibu na nyumba au kusafisha visima.

Kilichofanya tangazo lile lifanye kazi ni kwamba kila msikilizaji alipewa nafasi ya kuuliza na jambo la kufanya. Redio ilibeba ujumbe, lakini mkeka uliotandikwa chini ya mwembe ndio uliougeuza kuwa vitendo. Kijiji cha leo kina simu, pikipiki na redio nyingi kuliko wakati ule, na miembe bado ipo.

Tumia mikusanyiko iliyopo

Njia ya kwanza ya kupunguza gharama ni kuacha kuita watu. Kuita watu kunahitaji spika, viti na wakati mwingine soda. Badala yake, mradi uwafuate watu mahali ambako tayari wanakusanyika.

Mkutano mkuu wa kijiji ndio wa kwanza. Kwa mujibu wa taratibu zinazotokana na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mkutano huo unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mtu mzima ana haki ya kuhudhuria. Kikundi kinachomwomba mwenyekiti na mtendaji dakika kumi katika ajenda kinapata wasikilizaji ambao turubai la rangi lisingewapata. Dakika hizo zisitumike kwa shukrani na itifaki. Zitumike kueleza mradi unafanya nini, bei yake ni ipi, na kupokea maswali.

Baada ya hapo kuna msikiti siku ya Ijumaa na kanisa siku ya Jumapili. Katika maeneo mengi viongozi wa dini hukubali kusoma tangazo fupi la jambo linalowafaa watu wote, mradi lisiwe la kumnufaisha mtu mmoja wala la kisiasa. Tangazo hilo liandikwe kwa herufi kubwa na lisizidi mistari minne, ili msomaji asilikatishe njiani.

Siku ya gulio nayo ni soko na ni gazeti. Kikundi kinachobangua korosho kikipeleka meza moja, mizani na sahani ya kuonja, kinafanya kazi ya tangazo kwa gharama ya kilo moja ya korosho. Mteja aliyeonja na kushuhudia mizani ikisoma sawasawa atawaeleza wenzake bila kulipwa.

Katika vijiji vya kusini kuna pia ngoma na mpira. Baada ya mazao kuuzwa huja msimu wa sherehe za jando na unyago, na vikundi vya ngoma huzunguka. Mpira nao ni mtangazaji ambaye watu wa Ruangwa hawahitaji kuhadithiwa. Namungo FC ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam dhidi ya Simba mwaka 2020, kisha ikacheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21, jina la Ruangwa lilisikika mahali ambapo halijawahi kutamkwa. Kijiji hakihitaji timu ya Ligi Kuu. Mechi ya vitongoji viwili jioni, yenye zawadi ya mpira mmoja, inatosha kukusanya vijana, na wakati wa mapumziko mtu mmoja mwenye sauti anaweza kueleza mradi kwa dakika tano.

Redio na simu

Wengi hudhani kwamba redio ni lazima ilipiwe. Tangazo la biashara hulipiwa, lakini habari mara nyingi hailipiwi. Mtangazaji wa kipindi cha kilimo hutafuta kila wiki mkulima wa kuzungumza naye, na vijijini humpata kwa taabu. Kikundi chenye jambo la kueleza, kama vile namna kilivyopunguza korosho zinazovunjika wakati wa kubangua, kinaweza kualikwa bila malipo. Kinachotakiwa ni kumpigia simu mhariri na kumweleza habari hiyo kwa sentensi mbili. Vipindi vya salamu navyo visidharauliwe, kwani salamu zinazotoka kwa kikundi zikataja kijiji na kazi yake ni tangazo lenye heshima.

Kuhusu simu, kundi la WhatsApp ni njia rahisi, lakini lina mipaka yake. Wenye simu za kupangusa vijijini ni baadhi tu, na mara nyingi si wale wazee wenye mikorosho mingi. Kundi hilo pia huharibika haraka likijaa picha za harusi na mabishano ya mpira. Mradi uweke kanuni moja: katika kundi hilo ni bei, siku na taarifa za fedha tu zinazotumwa, tena na watu wawili waliochaguliwa. Kwa wenye simu ndogo, ujumbe mfupi wa maandishi kwa balozi au mwenyekiti wa kila kitongoji, naye akausoma kwa sauti, unafika mbali zaidi.

Ubao wa hesabu

Njia zote hizo hazitasaidia iwapo swali kubwa la mwanakijiji halijibiwi, nalo ni fedha. Kwa sababu hiyo tangazo lenye nguvu kuliko yote, na la bei nafuu kuliko yote, ni ubao wa hesabu.

Chukulia mradi wa maji. Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, jumuiya za watumia maji ndizo zinazoendesha miradi mingi ya vijijini chini ya usimamizi wa RUWASA. Wananchi huchangia kwa kununua ndoo. Pampu ikiharibika, fedha za fundi zinatakiwa kutoka kwenye makusanyo hayo. Mahali ambapo hesabu haijulikani, siku pampu inaposimama kila mtu huuliza fedha zilikwenda wapi, na uvumi hujibu kabla ya mtunza fedha. Mchango wa dharura hukataliwa, akina mama hurudi kuchota maji ya bondeni, na mradi wa mamilioni hufa kwa kukosa kipuri.

Mahali penye ubao mambo huwa tofauti. Ubao wenyewe ni kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi nyeusi, na chaki. Juu yake huandikwa mistari mitano tu: ndoo zilizouzwa mwezi uliopita, fedha zilizopatikana, fedha zilizotumika na zilitumika kwa nini, salio, na majina ya wanaotunza fedha. Ubao hutundikwa pale bombani, si ndani ya ofisi ya kijiji yenye kufuli. Anayekuja kuchota maji husoma. Asiyejua kusoma husomewa na mtoto wake. Kufikia jioni kijiji kizima kina habari, tena zilizo sahihi.

Ubao huo unatangaza mambo mawili kwa pamoja. Unasema mradi upo hai, na unasema wanaouendesha hawaogopi kuulizwa. La pili ndilo linalomfanya mtu atoe shilingi yake mara nyingine.

Jambo hilo halina tofauti kwa ushirika wa mazao. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika katika korosho msimu wa 2007/08 na baadaye kuingia katika ufuta na mbaazi, ulilenga kumwezesha mkulima kuuza kwa pamoja na kwa mizani. Minada ya Chama Kikuu cha RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, imekuwa ikifanyika mbele ya wakulima, na hivi sasa mauzo hupitia mfumo wa kielektroniki wa soko la bidhaa, TMX. Bei ya mnada ikisomwa hadharani, hilo tayari ni tangazo kubwa.

Lakini bei ya mnada si fedha inayoingia mfukoni. Kati yake kuna makato na kuna siku za kusubiri. Chama cha msingi kinachoandika ubaoni bei ya mnada, kila kato kwa jina lake, kiasi kinachobaki kwa kilo na siku ambayo malipo yanatarajiwa, kinamnyang'anya mnunuzi wa kangomba silaha yake kubwa, ambayo ni mashaka ya mkulima. Malipo yakichelewa, ubao useme yamechelewa na useme sababu. Kunyamaza katika wiki hiyo ni sawa na kumtangazia biashara yule wa bakuli.

‘Kizuri chajiuza’

Wapo watakaopinga kwa methali kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Hoja yao ni kwamba mradi mzuri hauhitaji kelele, na kwamba wenye kujitangaza sana ndio wenye kasoro. Wengine wana hofu nyingine isiyosemwa mkutanoni, kwamba hesabu zikiwekwa wazi zitaleta husuda, wakopaji na wanasiasa wenye kutaka sifa.

Methali hiyo ina ukweli kwa kitu ambacho mnunuzi anaweza kukiona na kukishika sokoni. Mradi wa jamii hauko hivyo. Uzuri wake upo ndani ya daftari, na daftari lililofungwa kabatini haliwezi kujiuza. Kuhusu husuda, inafaa kukumbuka kuwa hukua zaidi pale watu wanapokisia. Mtu akikisia salio la kikundi atataja mamilioni. Akiona ubaoni kwamba ni shilingi 84,000, atanyamaza, na huenda akaomba kujiunga.

Hata hivyo, hoja ya wapingaji ina upande wa kuzingatiwa. Tangazo likizidi uwezo wa mradi huwa ni kaburi lake. Kikundi kinachoweza kubangua kilo 30 kwa wiki kisitangaze kama kiwanda. Kinachotaka kuuza madukani bidhaa iliyofungashwa na yenye lebo kipite kwanza SIDO kwa ushauri na TBS kwa viwango, kwani tangu mwaka 2019 TBS ndiyo inayosimamia pia usalama wa chakula. Mteja aliyedanganywa mara moja hutangaza kwa kasi kuliko redio.

Soko lipo mlangoni

Kwa Matambarale jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu ardhi yake ina madini ya kinywe na uchimbaji umeingia. Mgodi huleta wafanyakazi wanaokula, magari yanayohitaji mafundi, na ofisi zinazohitaji samani na usafi. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini za mwaka 2018 zinatoa kipaumbele kwa bidhaa na huduma za Watanzania, na marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni kuwa na mpango wa kila mwaka wa kuchangia maendeleo ya jamii, uliokubaliwa na serikali ya mtaa.

Sheria hizo zinafungua mlango, lakini hazimtafuti mama mwenye bustani ya mchicha mahali alipo. Ofisa manunuzi hawezi kununua kwa kikundi asichokijua. Karatasi moja iliyopigwa chapa, yenye jina la kikundi, namba ya usajili, bidhaa, kiasi kinachopatikana kwa wiki, bei na namba ya simu, ikipelekwa kwa mkono pamoja na sampuli, inagharimu nauli ya bodaboda tu. Nakala nyingine ipelekwe kwa ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, maana huyo ndiye anayeulizwa pale mnunuzi au mfadhili anapotaka kikundi makini.

Vivyo hivyo, fedha za mchango wa jamii zinapojadiliwa, kijiji ambacho mradi wake una kumbukumbu zinazoonekana kina la kuweka mezani. Kijiji ambacho kinategemea maneno matupu kitapewa ahadi matupu vilevile.

Kabla ya msimu ujao

Kwa hiyo mradi ambao hauna fungu la matangazo haupaswi kukata tamaa. Uanze na ubao na chaki. Uteue wasemaji wawili, mwanamume na mwanamke, wanaojua hesabu kwa kichwa. Uandike sentensi tatu ambazo kila mwanachama anaweza kuzirudia bila kukosea: nini kinafanyika, kwa bei gani, siku gani. Kisha uzipeleke sentensi hizo mkutanoni, msikitini, kanisani, guloni na uwanjani, na uzibadilishe mara tu bei au siku inapobadilika.

Mnunuzi wa kangomba atakuja tena msimu ujao, kwa pikipiki ile ile na kwa maneno yale yale matatu. Safari hii inafaa amkute mkulima ambaye tayari ameambiwa bei ya mizani, siku ya malipo na jina la anayetunza fedha, na ambaye jana jioni alipita pale ghalani akasoma mwenyewe ubaoni.